Elektroni isiyo na nishati inawezaje kumega molekuli?

Mdadisi wa Chembe aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Kuna jambo limenikwamisha tangu nilipoanza kusoma kuhusu ioni hasi katika gesi, nami naomba mwenye ufahamu anifafanulie kwa utaratibu.

Nilivyofundishwa ni kwamba ili bondi ya kikemia ivunjike, ni lazima molekuli ipewe nishati isiyopungua ile inayoishikilia bondi hiyo. Bondi ya kaboni na klorini katika kaboni tetrakloridi (CCl₄) huhitaji takriban 3 eV (elektronivolti, kipimo cha nishati cha chembe ndogo). Sasa nimekutana na grafu inayoonyesha wingi wa ioni za kloridi zinazozalishwa gesi hiyo inapopitiwa na elektroni za nishati mbalimbali, na kilele chake kirefu kuliko vyote kimesimama kwenye sifuri. Yaani elektroni ambazo hazina nishati ya kutajika ndizo zinazomega molekuli nyingi zaidi, na zikiongezewa kasi kidogo tu ioni zinapungua. Katika grafu ya oksijeni mambo ni tofauti: ioni za O⁻ hazionekani mpaka elektroni zipite 4 eV hivi, zinafika kileleni karibu na 6.5 eV, kisha zinapungua tena. Grafu ya naitrojeni haikuwa na ioni yoyote.

Nishati ya kuvunja bondi ya kaboni tetrakloridi inatoka wapi? Kwa nini kuongeza nishati ya elektroni kunapunguza mavuno badala ya kuyaongeza? Na naitrojeni ina kinga gani?

Kipimajoto alijibu:

Nadhani jibu la swali la kwanza ni joto. Molekuli za gesi hazijatulia, zinatetema na kugongana wakati wote, kwa hiyo bondi huwa tayari imelegezwa na elektroni inaongezea kidogo tu.

Mwalimu wa Zamu alijibu:

Ndugu Mdadisi, umeuliza vizuri, na Ndugu Kipimajoto aniwie radhi nikipishana naye. Katika joto la kawaida la chumba kipimo cha nishati ya joto ni takriban 0.025 eV. Hata ukijumlisha mitetemo yote tisa ya molekuli ya kaboni tetrakloridi pamoja na mzunguko wake, hufikii hata sehemu ya ishirini ya 3 eV zinazotakiwa. Joto lina nafasi yake katika habari hii, na nitalirudia, lakini si hapo.

Hesabu ya swali lako imesahau upande mmoja. Zao la mmego huu ni ioni ya kloridi, na atomu ya klorini inapopokea elektroni hutoa nishati ya 3.61 eV. Toa 3 eV za bondi, unabakiwa na ziada ya takriban 0.6 eV, ambayo inagawanywa kati ya mwendo wa vipande viwili na mitetemo ya kipande cha CCl₃ kinachobaki. Elektroni haikuhitaji kuja na mwendo wowote, kwa sababu mahali inapokwenda kukaa ndipo panapolipa gharama. Kwa oksijeni hesabu ni ileile ila tarakimu zinakataa: bondi ya O₂ ni 5.12 eV, na atomu ya oksijeni inapopokea elektroni hutoa 1.46 eV tu. Upungufu ni 3.66 eV, na huo ni lazima elektroni iulete yenyewe katika mwendo wake. Hicho ndicho kizingiti ulichokiona kwenye grafu.

Naitrojeni haina hata mlango wa kuingilia. Bondi yake ni 9.76 eV, na atomu ya naitrojeni haishikilii elektroni ya ziada. Ioni ya N⁻ si imara. Hata hivyo usidhani kwamba molekuli ya N₂ hainasi elektroni kabisa. Elektroni zenye takriban 2.3 eV zinanaswa vizuri sana, zinakaa kwa muda mfupi usiozidi sana mtetemo mmoja wa molekuli, kisha zinatoroka na kuiacha molekuli ikitetema kwa nguvu. Leza ya kaboni dioksidi inategemea jambo hilihili: umeme huitetemesha naitrojeni kwa elektroni, nayo naitrojeni hukabidhi mtetemo huo kwa kaboni dioksidi.

Hiyo N₂ inatufikisha kwenye swali lako la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Hesabu ya nishati inatuambia tu kwamba mmego unawezekana. Haisemi kama utatokea.

Elektroni inaponaswa, huundwa ioni hasi ya muda inayoitwa resonansi. Viini vya atomu ni vizito kuliko elektroni kwa maelfu ya mara, kwa hiyo wakati wa kunasa havipati nafasi ya kusogea. Ioni inazaliwa ikiwa na umbo lilelile la molekuli mama. Umbo hilo kwa kawaida silo linalopendwa na ioni, na viini vinajikuta juu ya mteremko wa nishati vikianza kusukumana. Kuanzia hapo kuna mashindano ya mambo mawili. Viini vinateremka ili kuachana, na elektroni nayo wakati wowote inaweza kutoroka na kuirudisha molekuli katika hali isiyo na chaji. Viini vikifika umbali ambao ioni ina nishati ndogo kuliko molekuli isiyo na chaji, elektroni haina tena njia ya kutoka na mmego umekamilika. Elektroni ikitoroka kabla ya hapo, tunabakiwa na molekuli nzima yenye mitetemo zaidi.

Ndiyo maana kuna kilele badala ya mstari unaopanda daima. Elektroni inanaswa tu ikiwa nishati yake inalingana na urefu wa mteremko palepale molekuli ilipo. Kwa oksijeni, mteremko huo katika umbali wa kawaida wa atomu zake mbili uko karibu na 6.5 eV. Elektroni ya 4 eV imevuka kizingiti cha hesabu, lakini haikuti mteremko mahali pa kusimama, na elektroni ya 9 eV inaupita juu kwa juu. Ziada kati ya 6.5 na 3.66 haipotei: inakuwa mwendo, na kwa kuwa vipande viwili vya oksijeni vina tungamo sawa, kila kimoja kinaondoka na takriban 1.4 eV.

Mfano ninaoupenda zaidi kwa wanafunzi ni ule wa hidrojeni na ndugu yake mzito, deuteri. Kikemia ni kitu kimoja, na mteremko wa nishati ni uleule. Lakini karibu na kizingiti cha 3.7 eV hivi, ioni za H⁻ kutoka H₂ ni nyingi kuliko za D⁻ kutoka D₂ kwa takriban mara 200. Sababu ni uzito tu. Viini vya deuteri vinateremka polepole zaidi, elektroni inapata muda zaidi wa kutoroka, na kwa kuwa uwezekano wa kusalimika hupungua kwa kasi ya kipeo kadiri muda unavyorefuka, ucheleweshaji mdogo unageuka tofauti kubwa kiasi hicho. Ukitaka ushahidi kwamba mashindano ninayoyasema yapo kweli, sijui ulio wazi kuliko huo.

Na hapa ndipo joto linapoingia, Ndugu Kipimajoto. Molekuli ya hidrojeni iliyokwisha kutetema imerefuka, hivyo elektroni inainasa ikiwa tayari imeteremka nusu ya njia, na muda wa kutoroka unafupishwa. Hidrojeni iliyo katika ngazi ya nne ya mtetemo hutoa H⁻ kwa wingi unaozidi ule wa hidrojeni tulivu kwa zaidi ya mara elfu kumi. Wanaotengeneza vyanzo vya ioni hasi za hidrojeni kwa ajili ya vinu vya utafiti wa muungano wa nyuklia wamelifanyia kazi jambo hili tangu miaka ya 1970: upande mmoja wa chombo elektroni za kasi huitetemesha gesi, upande wa pili elektroni baridi huinasa.

Mdadisi wa Chembe aliandika:

Ahsante sana, Mwalimu. Suala la deuteri limenifungua macho. Nina mawili yamebaki. Kwanza, kloromethani (CH₃Cl) nayo ina bondi ya kaboni na klorini, na nikifanya hesabu uliyonionyesha, bondi yake inakaribiana sana na zile 3.61 eV, yaani gharama na malipo yanakaribia kulingana. Je, nayo inamegwa na elektroni za sifuri eV? Pili, salfa heksafloridi (SF₆) inasifiwa kwa kunasa elektroni kuliko karibu gesi zote, lakini nimesoma kwamba haivunjiki. Inawezaje kushinda mashindano bila kukimbia?

Mwalimu wa Zamu alijibu:

Kloromethani ni mtego mzuri kwa anayetegemea hesabu peke yake. Katika joto la chumba haitoi karibu ioni yoyote kwa elektroni za nishati ndogo. Mteremko wa ioni yake, katika umbo la kawaida la molekuli, uko juu sana, zaidi ya 3 eV, na resonansi iliyo juu kiasi hicho inaishi muda mfupi mno. Njia pekee iliyobaki ni bondi irefushwe kwanza na mtetemo mpaka ikutane na mteremko mahali palipo chini, na kwa hiyo gesi ikipashwa moto ioni za kloridi zinaongezeka kwa kasi kubwa. Katika kaboni tetrakloridi klorini nne zinavuta elektroni kwa pamoja, mteremko unashushwa mpaka unafikiwa na elektroni ya sifuri, na hakuna kizuizi cha kuvuka. Bondi mbili za jina moja zinaweza basi kuwa na tabia mbili tofauti kabisa.

Salfa heksafloridi inashinda kwa kuificha nishati. Ina atomu saba, kwa hiyo ina namna 15 za kutetema. Elektroni inapoingia, nishati inayotolewa inatawanyika katika mitetemo hiyo, na ili elektroni itoke ni lazima nishati hiyo ijikusanye tena mahali pamoja, jambo linalochukua muda mrefu kwa vipimo vya atomu. Ioni ya SF₆⁻ huishi mikrosekunde kadhaa na zaidi, ilhali resonansi nyingi tunazozizungumzia hufa kabla ya sehemu ya trilioni ya sekunde. Katika gesi yenye msongamano, migongano huwahi kuondoa nishati ya ziada na ioni inatulia kabisa. Ndiyo sababu gesi hiyo hujazwa ndani ya swichi za umeme wa volteji kubwa: elektroni huru, ambazo zingeanzisha cheche, zinanaswa na kugeuka ioni nzito zisizoweza kushika kasi. Ila si kweli kwamba haivunjiki kamwe. Ikiwa moto, au elektroni zikiwa na sehemu chache za eV, ioni ya SF₅⁻ inaanza kuonekana.

Jambo moja nililiruka. Umaarufu wa sifuri eV hautokani na nishati pekee. Elektroni ni wimbi, na kadiri inavyokuwa ya polepole ndivyo wimbi lake linavyorefuka. Ikiwa na 0.025 eV, urefu wa wimbi ni takriban nanomita 7.8, mara nyingi zaidi ya upana wa molekuli yenyewe. Eneo ambalo molekuli inaweza kuinasa elektroni kama hiyo linakuwa kubwa kuliko umbo lake mara nyingi sana, na linapungua mara tu elektroni inapoongeza kasi. Hiyo ni nusu ya pili ya jibu kuhusu grafu ya kaboni tetrakloridi.

Fundi wa Ombwe alijibu:

Naomba niongezee upande wa maabara, kwa sababu grafu za vitabuni zimesafishwa mno na zinampa msomaji imani asiyostahili kuwa nayo.

Elektroni hutoka katika waya uliopashwa moto mpaka ukawa mwekundu-mweupe, na waya huo hautoi elektroni za nishati moja. Zinatawanyika kwa upana wa nusu eV hivi. Kwa kilele kilicho kwenye sifuri, upana huo ni balaa tupu. Hivyo elektroni hupitishwa kwanza kwenye kichujio cha nishati, na kilichozoeleka tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 ni kile kinachotumia uga wa umeme na uga wa sumaku vilivyopishana kwa pembe mraba, ambapo elektroni za kasi tofauti zinasukumwa kando kwa umbali tofauti na tundu dogo linaruhusu kundi moja tu lipite. Sumaku hiyohiyo inasaidia kuziongoza elektroni za polepole, ambazo vinginevyo hutawanyika kwa kila chaji ndogo iliyobaki ukutani. Baada ya hapo ndipo zinakutana na gesi, na ioni zinazozaliwa zinavutwa kuingia kwenye spektromita ya tungamo, kifaa kinachozipambanua kwa tungamo zake.

Shida inayowasumbua wengi ni kujua sifuri iko wapi. Volteji unayoisoma kwenye kifaa si nishati halisi ya elektroni, kwa sababu kila sahani ya metali ina tabia yake ya uso, na uso huo unabadilika kadiri gesi inavyoganda juu yake. Ukiingiza kaboni tetrakloridi asubuhi, mchana unaweza kukuta kilele kimehama kwa sehemu kadhaa za kumi za eV bila wewe kugusa chochote. Kwa hiyo huwa tunaingiza salfa heksafloridi kidogo. Kilele chake cha SF₆⁻ ni chembamba na kipo sifuri, na upana wake unakuonyesha papo hapo kichujio kinafanya kazi kwa ubora gani. Sahani nazo hupashwa moto ili gesi isizoee kukaa hapo.

Onyo la pili ni vilele bandia. Kwa kuwa misombo ya klorini na bromini inanasa elektroni za sifuri kwa eneo kubwa kiasi alichoeleza Mwalimu, uchafu mdogo sana ndani ya sampuli, au mabaki ya jaribio lililopita ukutani, unatosha kuchora kilele kizuri cha Cl⁻ kwenye sifuri ambacho hakihusiani na molekuli unayoichunguza. Mimi nikiona kilele cha sifuri katika matokeo ya mtu, swali langu la kwanza ni juu ya usafi wa sampuli, na la pili ni gesi gani ilikuwa ndani ya chombo juzi yake.

La tatu linahusu ile 1.4 eV ya oksijeni. Ioni inayozaliwa na mwendo mkubwa hukimbilia pande zote, na nyingi zinagonga ukuta kabla ya kuvutwa. Ukilinganisha urefu wa kilele cha O⁻ na cha Cl⁻ moja kwa moja kutoka kwenye kifaa bila kusahihisha hasara hiyo, umelinganisha vitu visivyolingana.

Kwa upande wa matumizi, James Lovelock alibuni mwaka 1957 kigunduzi kinachotegemea jambo hilihili tunalolijadili. Chanzo cha mionzi hutoa elektroni ndani ya gesi, zinapozwa kwa migongano, na mkondo wake unapimwa. Kitu chenye klorini kikipita, elektroni zinanaswa na mkondo unashuka. Hidrokaboni ya kawaida ikipita hakuna kinachotokea. Kwa kifaa hicho, katika safari ya meli ya mwaka 1971 na 1972, alipima gesi za klorofluorokaboni juu ya bahari ya Atlantiki zikiwa katika viwango vya makumi ya sehemu kwa trilioni, na kwa wakati ule hapakuwa na chombo kingine cha kuziona kwa wepesi huo.

Chembe Hai aliuliza:

Samahani kwa kuingilia kati, wakubwa zangu. Mimi nipo upande wa biolojia ya mionzi. Je, ni kweli kwamba elektroni za namna hii huweza kukata DNA, hata zikiwa hazina nishati ya kutosha kuondoa elektroni nyingine kwenye molekuli?

Mwalimu wa Zamu alijibu:

Ni kweli, kwa mipaka nitakayoitaja. Mnururisho wenye nguvu unapoacha MeV moja (yaani eV milioni moja) ndani ya tishu, unazalisha elektroni ndogo zipatazo makumi ya maelfu, nyingi zikiwa na nishati iliyo chini ya 20 eV. Mwaka 2000 kundi la Léon Sanche huko Sherbrooke, Kanada, lilichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kwamba elektroni za kati ya 3 na 20 eV hukata nyuzi za DNA, tena mavuno yake yalikuwa na vilele. Vilele ndivyo ushahidi, kwa sababu kugonga tu kwa nguvu kungetoa mstari unaopanda, ilhali resonansi hutoa kilele. Mwaka 2004 wakaonyesha kwamba uzi mmoja hukatwa hata chini ya 3 eV.

Uchunguzi wa besi zenyewe (molekuli ambazo ndizo herufi za DNA) zikiwa gesi ulileta jambo la kuvutia zaidi. Thimini, mojawapo ya besi hizo, ikinasa elektroni yenye takriban 1 eV hupoteza atomu ya hidrojeni, na hidrojeni hiyo hutoka kwenye naitrojeni namba 1 (namba huonyesha nafasi katika pete ya molekuli). Ukiongeza nishati mpaka karibu 1.8 eV, inayotoka ni ile ya naitrojeni namba 3. Nishati ya elektroni inachagua bondi ya kuvunja. Lakini kumbuka kwamba ndani ya DNA naitrojeni namba 1 ndiyo iliyounganishwa na sukari, kwa hiyo hidrojeni hiyo haipo. Matokeo ya gesi hayahamishiki kwenye DNA bila kufikiri.

Mipaka ni hii. Majaribio ya mwaka 2000 yalifanyika juu ya tabaka jembamba la DNA iliyokaushwa ndani ya ombwe. Katika seli kuna maji, na maji huizingira elektroni ya polepole na kuitiisha ndani ya muda mfupi sana, pengine kabla haijaikuta besi. Maji yanayoizunguka resonansi nayo huishusha nishati yake na kuirefushia maisha, jambo linaloweza kusaidia mmego katika molekuli moja na kuuzima katika nyingine. Kwa hiyo uwezekano umethibitishwa, lakini ukubwa wa mchango wake ndani ya seli hai bado unabishaniwa. Ukitaka kuanza na mfano ulio wazi, chukua bromourasili, molekuli inayofanana na thimini lakini yenye bromini: inanasa elektroni za karibu sifuri eV na kutoa ioni ya bromidi kama kaboni tetrakloridi inavyotoa kloridi, na kipande kinachobaki kina elektroni moja isiyo na mwenza, tayari kushambulia sukari ya jirani. Ndiyo moja ya sababu inayotolewa kueleza kwa nini seli zilizolishwa bromourasili hudhurika zaidi na mionzi.